Nani Atasimama Saiti?

Watu wengi hudhani vita vya zabuni ni vita vya bei. Nimeandaa zabuni za mkandarasi kwa miaka mingi, baadaye nikawa naitwa kukaa kwenye kamati za tathmini, na kwa niliyoyaona bei si chanzo kikubwa cha ugomvi. Bei husomwa hadharani siku ya ufunguzi, kila mzabuni akainukuu kwenye daftari lake, na hesabu ikikosewa husahihishwa kwa utaratibu unaojulikana. Kesi zilizotufanya tukeshe ofisini, zile zilizoandikiwa barua za kurasa nyingi na nyingine kupandishwa hadi kwenye rufani, zilitoka kwenye jedwali la wataalamu wakuu: meneja wa mradi, mhandisi wa saiti, sevea, fundi sanifu wa maabara, foremani. Kila jina na kisomo chake, usajili wake na miaka yake ya uzoefu.

Jina linaloandikwa kwenye jedwali lile ni ahadi. Mzabuni anaiambia Serikali kwamba huyu, mwenye elimu hii na aliyefanya kazi hizi, ndiye atakayekuwepo siku zege likimwagwa. Karibu kila mgogoro wa sifa za wataalamu nilioushuhudia ulianza pale mmoja wa wahusika alipomsahau huyo mtu, akabaki na karatasi yake.

Nianze na kesi iliyoniuma zaidi. Ilikuwa enzi za Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, baada ya marekebisho ya 2016, na zabuni nyingi bado zilikuwa za makaratasi. Taasisi moja ya umma ilitangaza kazi ya barabara ya udongo huko nyanda za juu kusini: kuchonga, kumwaga changarawe sehemu korofi, kujenga makalavati na drifti. Kazi ya ukubwa wetu. Tuliandaa zabuni yetu, nakala halisi na nakala zake, tukafunga kwa spairo, tukapiga mihuri kila ukurasa, tukaipeleka mapema.

Barua ya kusudio la kutoa tuzo ilipokuja, jina lilikuwa la kampuni nyingine, na bei yao ilikuwa juu ya yetu. Sababu ya kutuengua iliandikwa kwa mstari mmoja: foremani aliyependekezwa hana stashahada ya uhandisi ujenzi.

Foremani wetu tulimwita Mzee, kama saiti zote zinavyowaita watu wa aina yake. Alisoma Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, akahitimu miaka ya themanini, zamani kabla chuo hicho hakijawa Taasisi ya Teknolojia, DIT, mwaka 1997. Cheti chake kilikuwa FTC. Kwa msomaji kijana asiyekijua, FTC ndicho cheti walichopewa mafundi sanifu wa nchi hii baada ya kidato cha nne na miaka mitatu ya chuo. Waliokipata ndio walioshika maabara za udongo, karakana, mitambo ya maji na saiti za barabara kwa miaka mingi, hadi mfumo wa ngazi za NACTE, baraza la elimu ya ufundi, ulipoingia na jina la stashahada likachukua nafasi yake. Aliyetathmini zabuni yetu, nadhani, alikuwa mtu aliyesoma ndani ya mfumo mpya. Alitafuta neno "stashahada" kwenye cheti, hakuliona, akaweka alama ya kukosa.

Bosi wangu aliniita asubuhi ileile. "Wewe ndiye uliyeiandaa," akasema. "Andika malalamiko, lakini usimtukane mtu."

Tulikuwa na siku 7 za kazi za kulalamika kwa afisa masuuli. Ukipita hapo, mlango umefungwa. Nilikaa na Kanuni za Ununuzi za mwaka 2013, zile za Tangazo la Serikali Na. 446, nikarudi tena na tena kwenye kanuni ya 203 inayosema tathmini ifanywe kwa vigezo vilivyotajwa wazi kwenye nyaraka za zabuni. Kanuni hiyo ilikuwa ngao yetu na pia mkuki wa upande wa pili. Wao wangeweza kusema: tuliandika stashahada, tumetafuta stashahada, hatukuiona. Na hoja hiyo ina nguvu yake. Kamati ikianza kusema cheti hiki kinalingana na kile kwa kukisia tu, kesho atakuja mwingine na cheti cha majuma sita akidai kinalingana pia.

Kwa hiyo sikuandika kwamba Mzee ni fundi hodari, ingawa nililijua hilo kuliko yeyote. Niliandika muda wa masomo, masharti ya kujiunga, na ngazi ambayo wenye FTC wamekuwa wakipewa katika utumishi wa umma miaka yote. Nilionyesha kwamba nyaraka zilitaka kiwango cha elimu, na kiwango hicho Mzee alikuwa nacho, ila kwa jina la zama zake. Mzee mwenyewe nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi, bahasha ya vyeti mapajani.

"Kijana wangu," akaniambia, "sisi mafundi sanifu tulipewa FTC. Hiyo karatasi wanayoitaka, wakati wetu haikuwepo. Sasa mimi ningeitoa wapi?"

Afisa masuuli alikubali malalamiko, tathmini ikarudiwa, kazi tukaipata. Tungeshindwa pale, tungebaki na njia ya Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, iliyokuwa na siku 45 za kuamua, na baada yake Mahakama Kuu. Sheria mpya ya mwaka 2023 imezipunguza siku za ngazi hizi, na nafurahi kwa hilo, kwa sababu gharama ya mgogoro haiishii kwa mzabuni. Katika kesi yetu barua zilikwenda na kurudi hadi kiangazi kikatuponyoka. Tulianza kuchimba misingi ya makalavati mvua za Novemba zikiwa zimeshapiga hodi, na wanakijiji walioahidiwa barabara kabla ya mavuno walipitisha mazao yao kwenye tope msimu mwingine mzima.

Huko saiti ndiko nilikomwona Mzee akifanya kile ambacho jedwali halina safu ya kukiandika. Mhandisi wetu kijana alikuwa ameshasimamisha mashine yake ya levo kwenye korongo moja, anasoma namba, namba ziko sahihi. Mzee aliacha mashine akashuka korongoni peke yake. Alitembea taratibu akitazama vichaka vya ukingoni, si maji. Kisha akaita. Kwenye matawi, usawa wa kifua cha mtu, kulikuwa na majani makavu yamenasa, yamelala upande mmoja, na chini yake vijiti na nyuzi za mizizi vilivyosokotana. "Maji ya hapa mwaka jana yalifika huku," akasema, mkono kifuani. Kalavati lililochorwa lilikuwa la bomba moja. Mhandisi akapima upya upana wa korongo na urefu wa ile alama, akaandika barua ya kuomba marekebisho, na lilipojengwa lilikuwa la mabomba mawili.

Sisemi vyeti havina maana. Mhandisi kijana ndiye aliyejua kuigeuza ile alama ya majani kuwa hesabu ambayo mshauri wa mradi angeikubali, na hesabu hiyo aliipata darasani. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetaka kumwengua Mzee hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na orodha ya kutiki, na orodha ilimtosha.

Nilipohamia upande wa pili wa meza niliona ugumu wao pia. Kamati ya tathmini hukaa chumbani na marundo ya zabuni, siku zake zimehesabiwa, kila mjumbe na kazi zake nyingine zinazomsubiri. Tulikuwa na zabuni moja iliyotaka mhandisi wa saiti mwenye "uzoefu wa miaka 10". Hivyo tu. Mjumbe mmoja akaanza kuhesabu tangu mwaka wa kuhitimu chuo kikuu. Mwingine akamzuia. Alisema mhandisi akihitimu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, akapitia mafunzo ya vitendo ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3, ndipo akasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Kabla ya hapo hawezi kuwa msimamizi wa kazi kwa jina lake. Basi uzoefu uhesabiwe tangu usajili huo.

Hoja zote mbili zilikuwa za watu wanaoijua fani. Tulibishana kwa heshima, tukaitana "Mhandisi" na "Mheshimiwa Mwenyekiti", chai ikapoa. Kisha nikaomba tuziandike hesabu zote mbili ubaoni, kila mzabuni kwenye mstari wake. Kwa hesabu ya kwanza, wazabuni wote watatu waliobaki walivuka. Kwa hesabu ya pili, wawili walianguka akabaki mmoja, naye ndiye aliyekuwa na bei ya juu kabisa.

Chumba kilikaa kimya. Hakuna aliyekuwa amepokea kitu kwa mtu, naamini hivyo hadi leo. Lakini tulikuwa tumefika mahali ambapo kuchagua namna ya kuhesabu miaka ni kuchagua mshindi, na tungefanya hivyo tukiwa tumeshajua majina na bei. Msimamo wangu ulikuwa, na bado ni huo, kwamba utata wa nyaraka ni mzigo wa aliyeziandika. Mzabuni aliyesoma maneno "uzoefu wa miaka 10" na kuyaelewa kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuyaelewa, asiadhibiwe kwa sababu kamati imegundua maana kali zaidi baada ya bahasha kufunguliwa. Tukahesabu tangu kuhitimu, kwa wote, na tukaandika sababu kwenye taarifa.

Kosa lenyewe lilikuwa limefanyika miezi kadhaa nyuma, mezani kwa mtu aliyekuwa na haraka. Nyaraka za zabuni nyingi hazitungwi, hunakiliwa. Mwandishi anachukua za mradi wa mwaka jana, anabadilisha jina la kazi na tarehe, vigezo vya wataalamu anaviacha vilevile. Ndiyo maana unakuta kazi ya uzio wa shule inadai mhandisi mwenye shahada ya uzamili na miaka 15, sharti lililotoka kwenye mradi mkubwa wa mkopo wa nje. Mkandarasi wa daraja la sita au la saba, ambaye kazi hiyo ni ya kimo chake hasa, anatolewa nje kabla ya kuanza. Na upo uovu wa kukusudia: sifa zinazoandikwa kwa undani wa ajabu mpaka zinamtambulisha mtu mmoja nchini. Wazabuni wakizisoma huambiana "kazi hii ina mwenyewe" na wanafunga faili.

Nawalaumu wazabuni wenzangu kwa kulifunga. Sheria inaruhusu kuuliza ufafanuzi kabla ya tarehe ya mwisho, na majibu hutolewa kwa wote. Swali kama "je, FTC inakubalika?" au "miaka 10 inahesabiwa kuanzia lini?" lina mistari miwili. Wengi huogopa kuonekana wakorofi kwa mteja, wanabahatisha, halafu wakienguliwa ndipo wanaandika kurasa 20 za malalamiko. Swali la mapema linamsaidia hata mwandishi wa nyaraka, maana bado ana nafasi ya kurekebisha bila kumwonea mtu.

Sasa nifike kwenye lile ambalo upande wetu wa makandarasi na washauri tunalijua na tunalificha. Majina ya kukodi. Mhandisi mstaafu au mhadhiri wa chuo anatoa CV yake na nakala za vyeti, analipwa kidogo, au haambiwi kabisa, na jina lake linaingia kwenye zabuni. Kwenye kamati moja tulifungua zabuni mbili zinazoshindana tukakuta mhandisi yuleyule amependekezwa na kampuni zote mbili, saa zote za kazi, miezi yote ya mradi. Sahihi zake mbili hazikufanana hata kidogo. Ukimwandikia mtu wa namna hiyo kuthibitisha, mara nyingine majibu yanakuja kwamba hajawahi kuisikia kampuni hiyo. Huu ni udanganyifu, na sheria inaruhusu kampuni kufungiwa kushiriki zabuni za umma kwa sababu yake. Lakini zabuni za aina hiyo zinazopita bila kugunduliwa ndizo zinazoharibu majengo. Saiti anakuja kijana aliyehitimu juzi, hana wa kumuuliza, hana mamlaka ya kumkatalia msambazaji mchanga mchafu, na ubao wa mradi una jina la mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale.

Nyaraka sanifu za PPRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, zimeliona hilo zamani. Masharti ya mkataba yanamtaka mkandarasi awatumie wataalamu aliowataja, na akitaka kumbadili mmoja, msimamizi wa mradi amkubali mbadala iwapo tu sifa zake zinalingana na za wa kwanza au zinazidi. Ni sharti zuri. Katika kazi nilizozijua lilikumbukwa kwa nadra, kwa sababu watu waliopigana kuhusu jedwali wakati wa tathmini huwa wameshahamia zabuni nyingine siku ya makabidhiano ya saiti, na aliyeachiwa usimamizi hajaliona jedwali lenyewe.

Mabadiliko mengine ni ya haki kabisa, tuseme kweli. Mtu anapata kazi bora, anaugua, anafariki. Zabuni ikikaa miezi inasubiri uamuzi, mhandisi uliyemtaja hawezi kukaa nyumbani bila mshahara akikungoja. Marekani nako wanahangaika na jambo hilohilo. GAO, ofisi ya Bunge lao inayosikiliza malalamiko ya zabuni na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 100, imeshikilia kwa miaka kwamba mzabuni akijua mtaalamu wake mkuu ameondoka lazima aiarifu taasisi husika, hata kama zabuni imeshawasilishwa. Na akiarifu anaweza kuenguliwa kwa kukosa mtu. Mwaka 2022 jaji mmoja wa Mahakama ya Madai ya Shirikisho alitofautiana na msimamo huo, akisema hakuona kanuni inayoweka wajibu wa kuarifu. Mimi naona mzabuni anapaswa kusema, na taasisi inapaswa kumruhusu alete mbadala mwenye sifa zilezile bila kugusa bei. Ukimwadhibu aliyesema kweli, unawafundisha wengine kunyamaza.

Mbali na majina ya kukodi, kuna vyeti vya kughushi. Tarehe 28 Aprili 2017 mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wote tuliokuwa kwenye kazi hii tunaikumbuka siku ile. Nchi ilihitaji usafi ule. Hata hivyo, kwenye vyumba vya tathmini nilivyokaa baada ya hapo, niliona hofu ikikaza mikono ya watu. Wajumbe walianza kumwengua mhandisi aliyesajiliwa na ERB kwa sababu nakala ya cheti chake cha kidato cha nne haikugongwa mhuri wa wakili, ilhali bodi isingemsajili bila elimu hiyo. Hapo nilikuwa nawauliza wenzangu: tunatilia shaka kwamba mtu huyu anayo sifa, au tunakosa karatasi ya sifa ambayo hatuitilii shaka? La kwanza ni sababu ya kumkataa. La pili linatibiwa kwa kuomba ufafanuzi wa kilichomo, bila kumpa nafasi ya kuleta mtu mpya ambaye hakuwemo.

Leo zabuni ziko kwenye NeST, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2023, na sitamani hata kidogo kurudi kwenye spairo na mihuri. Hakuna tena bahasha iliyopotea masijala, hakuna ukurasa unaonyofolewa usiku. Lakini mfumo unaliona faili ulilopandisha. Haumwoni mtu akiwa saiti saa moja asubuhi. Na kigezo kikiandikwa kwa utata kwenye kompyuta, utata wake ni uleule.

Kama wewe ni afisa wa ununuzi na wiki hii unaandaa nyaraka, chukua saa moja ukae na mhandisi atakayeisimamia kazi hiyo. Muulize kazi inahitaji watu gani hasa, kisha andika: miaka inahesabiwa kuanzia lini, vyeti gani vya zamani vinakubalika, "kazi ya aina hiyo" maana yake ni nini. Kama wewe ni mzabuni, usimwandike mtu ambaye hujakaa naye na kukubaliana naye kwa sahihi yake mwenyewe. Na wewe unayekabidhi saiti, nenda siku hiyo na jedwali la wataalamu mkononi, uite majina moja baada ya jingine, na kama yupo asiyeitika, usimruhusu mkandarasi aanze kuchimba hadi mtu huyo aje au aletwe anayelingana naye.